Gesi ya jikoni ndani ya buti
(Mhadhara kwa wanafunzi wa ufundi magari, Dar es Salaam)

Walimu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimepewa dakika ishirini, na mwalimu wenu ananijua vizuri, ndiyo maana amekaa chini ya saa ya ukutani.

Mimi si fundi, ni dalali wa mawe. Tunduru ilipoanza kutoa vito miaka ya tisini, Watailandi walikuja kununua, na baadhi yetu tukayafuata mawe kwao, hadi Chanthaburi. Soko la pale linachangamka Ijumaa hadi Jumapili. Siku nyingine wanunuzi wakubwa utawapata Bangkok, mtaa wa Silom. Katikati hapo kuna kilomita kama 250. Nenda rudi, kila wiki. Ukiipita njia hiyo kwa petroli, faida ya jiwe yote unaiacha sheli.

Ndiyo nikanunua sedani ya Kijapani, mtumba, imeshafungwa gesi. Usukani kulia kama kwetu, maana nao wanaendesha kushoto.

Hapa tuelewane. Gesi ninayoisema siyo hii mnayoipangia foleni Ubungo. Hiyo ni gesi asilia, inashindiliwa hadi bar 200, na mtungi wake lazima uwe mnene. Watailandi wanayo pia, wanaiita NGV. Ya kwangu ilikuwa LPG, propani na butani, ile ile ya mtungi wa jikoni kwa mama. Inakuwa maji kwa mgandamizo mdogo tu, bar sita, nane, jua likiwaka inapanda zaidi. Tuk-tuk za Bangkok zimeitumia miaka na miaka. Wana gesi baharini, Ghuba ya Thailand, walianza kuitoa mwaka 1981, na huchambuliwa Rayong, mkoa niliokuwa naupita kila safari. Serikali iliibeba bei ya LPG muda mrefu kwa ajili ya majiko ya watu, na wenye magari wakapenya kwenye mlango huo huo. Mwaka 2008, pipa la mafuta lilipovuka dola 140, kila aliyekuwa na spana alijiita fundi wa gesi. Gari langu nadhani lilifungwa na mmoja wao. (Kicheko.)

Hesabu kwanza, maana najua mnaisubiri. Lita ya gesi ina nguvu pungufu kuliko lita ya petroli, kama robo hivi. Gari langu lilikwenda kilomita 12 kwa lita ya petroli. Kwa gesi, tisa na nusu. Kwa hiyo Bangkok ilinila lita 21 za petroli, au 26 za gesi. Ila lita ya gesi wakati ule ilikuwa chini ya nusu ya bei ya petroli. Sasa nani atakaa kwenye petroli? Nilikuwa naingia kituoni, nazima injini, nasema "tem thang", yaani jaza tanki, na halijai kamwe: kuna boya ndani linalokata kwenye asilimia 80 na kidogo, ili gesi ipate pa kutanukia kukiwa na joto. Mtungi wa lita 58 unapokea 48 hivi. Mara ya kwanza niligombana na kijana wa pampu nikidhani ananipunja.

Miezi minane nilikuwa tajiri. Mwezi wa tisa, asubuhi, gari likaanza kutetemeka kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Linawaka, linacheka, linazima. Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha koili, maana niliambiwa gesi inataka cheche kali, na hilo ni kweli. Tetemeko lile lile. Jambo la ajabu, likipata moto ndiyo linazidi.

Nikampata mzee mmoja nje ya mji, gereji ya bati, mbwa watatu. Hakuuliza kitu. Akaacha injini ipoe mpaka jioni, akafungua kifuniko cha juu, akachukua fila, kile kijani cha chuma cha kupimia nafasi, ya milimita 0.25, akaichomeka kwenye nafasi ya tapeti, ile inayosukuma vali, upande wa vali ya kutolea moshi. Haikuingia. Akachukua nyembamba zaidi. Haikuingia. Akaja na ile jani kama karatasi ya sigara, nayo ikagoma. Akanitazama, akagusa hedi, kichwa cha injini, kwa kidole, akasema "gaet". Gesi.

Vijana, hapa ndipo niliposomea. Gesi inaingia kavu. Haiachi ule utando mwembamba unaokinga vali na kiti chake. Injini yenye viti laini, kiti kinaliwa taratibu, vali inazama, shina lake linapanda, ile nafasi ya tapeti inaisha. Ikiisha, vali haifungi sawasawa. Chuma kikipata moto kinarefuka, ndiyo maana tetemeko lilizidi. Ukiendelea, vali inaungua na hedi itabidi ishushwe. Injini yenye tapeti za mafuta hujirekebisha zenyewe kwa muda. Yangu ilikuwa ya skrubu, na mwenye gari kabla yangu hakuwahi kuipima. Mzee alinirekebishia kwa pesa ya chakula cha mchana, akaniambia nirudi kila kilomita 20,000.

Ukinunua gari la gesi la mtumba, unanunua na fundi aliyelifunga, hata kama humjui. Nami sikumjua. Wakati wa kubadilisha umiliki, kile kitabu cha bluu cha usajili kilisema gari linatumia petroli tu, na mtungi huu hapa kwenye buti! Kule kufunga gesi lazima kukaguliwe na mhandisi mwenye idhini, cheti kipelekwe idara ya usafiri wa nchi kavu, kiandikwe kitabuni. Ukiing'oa gesi, hivyo hivyo. Siku tatu nilizunguka na makaratasi, Kitai changu cha sokoni kikiishia kwenye kuhesabu karati.

Lingine dogo. Mwezi wa Aprili, joto la kukausha samaki, nilifungua boneti nikakuta regulata, kile kifaa kinachopunguza mgandamizo wa gesi kabla ya kuingia injini, imeota barafu. Gesi ikitoka kwenye maji kuwa hewa inanyonya joto, na joto hilo hutoka kwenye maji ya rejeta yanayozunguka ndani ya regulata. Rejeta ilikuwa inavuja. Barafu ile ilinijulisha kabla ya mshale wa temperecha.

Kuna swali kule nyuma, kwamba ukiwa na gesi petroli ya nini? Ndugu yangu, pampu ya petroli imekaa ndani ya tanki, na petroli ndiyo inayoipoza. Wengi huacha tanki kavu kwa ubahili, pampu inaungua, halafu gari haliwaki kabisa, kwa sababu linaanza na petroli kwanza. Mimi nilikuwa siachi chini ya robo. Asubuhi nawasha, dakika mbili tatu za petroli, maji yakipata uvuguvugu linahama lenyewe, unasikia "tak" ndogo kutoka kwenye buti, na taa nne za kijani zinawaka pembeni ya usukani.