Jinsi ya Kucheza Nova Luna

Karibuni mezani. Leo nafungua Nova Luna, mchezo wa vigae uliobuniwa na Uwe Rosenberg wa Ujerumani na Corné van Moorsel wa Uholanzi. Ulitoka 2019, na 2020 ukateuliwa kuwania Spiel des Jahres, ile tuzo ya Ujerumani ya mchezo bora wa mwaka. Jina ni la Kilatini. Sisi tungesema mwezi mwandamo. Msitafute roketi humu. Kuna mwezi unaozunguka, nanyi mnazunguka nao.

Mnaweza kucheza hadi wanne, hata peke yako unacheza. Sisi leo ni wawili.

Weka bodi ya mwezi katikati. Kuizunguka kuna nafasi 12: moja weka alama ya mwezi, 11 zilizobaki weka vigae, uso juu. Vingine vikae kwenye rundo. Kwa kuwa tuko wawili, kila mtu achukue kete 21 za rangi yake. Moja inakwenda kwenye njia ya mwezi pale bodini. 20 zinabaki mkononi, na hizo ndizo unazotaka zikuishie.

Zamu yako ikifika, tazama vigae vitatu vinavyoufuata mwezi, kwa mzunguko wa mishale ya saa. Nafasi tupu usizihesabu. Chagua kimoja, kisha mwezi uhamie pale ulipokitoa. Sasa soma namba iliyo juu ya kigae, kati ya 1 na 7, na usogeze kete yako hatua hizo. Hiyo ndiyo bei, maana pesa hapa hakuna. Anayecheza ni yule aliye nyuma ya wote njiani. Ukichukua kigae cha 7, mwenzako anaweza kucheza mara mbili au tatu, wewe umekaa unamtazama. Mkifikia hatua moja, kete zipandane. Ya juu ndiyo inayoanza.

Kigae kiweke mbele yako, kiguse ubavu wa kingine. Pembe kwa pembe haihesabiki.

Hapa naomba msogee karibu, maana ndipo wengi wanapokosea. Vile viduara vya rangi vilivyo kwenye kigae ni masharti. Kigae hiki chekundu kinadai vigae vitatu vya buluu. Je, lazima vigae vitatu vya buluu vikiguse? Hapana. Kimoja kikiguse, hicho kishikane na buluu ya pili, ya pili ishikane na ya tatu, basi: mlolongo mzima unahesabika. Weka kete juu ya sharti hilo, na haitoki tena. Ila rangi ya kigae chenyewe haikisaidii masharti yake. Na buluu hizo hizo zinaweza kumlipia na jirani mwingine, kwa hiyo kila ukiweka kigae, kagua vyote vinavyokizunguka. Mimi nimewahi kushindwa kwa kete moja, nikaja kuona baada ya mchezo sharti lililokwisha kutimia zamani, limekaa wazi tu.

Wageni hupenda kigae chenye masharti mengi. Mimi huuliza kwanza: kinafunga nini kwenye vile nilivyonavyo tayari? Tazama zamu hii. Mbele ya mwezi naweza kuchagua manjano ya 6, feruzi ya 5 au buluu ya 2. Manjano ina masharti matatu matamu, lakini hakuna jirani yangu anayeitaka. Buluu yenyewe haina maana sana, ila nikiibana hapa kati inafunga masharti mawili papo hapo, kwa hatua mbili tu.

Halafu buluu ndiyo ya tatu kutoka kwenye mwezi. Mwezi ukihamia pale, manjano na feruzi zinabaki nyuma yake, na hazifikiki mpaka ukaribie kumaliza mzunguko.

Vigae vikibaki viwili au kimoja kwenye duara, mwenye zamu anaweza kujaza kwanza kutoka kwenye rundo. Vikiisha kabisa, lazima ajaze. Wa kwanza kuweka kete zake zote ameshinda. Na vigae vyote vikiisha kabla ya hapo, ushindi ni wa aliyeweka kete nyingi zaidi.

Haya, nachukua buluu. Kete moja hapa, ya pili hapa. Nasogea hatua mbili, bado niko nyuma, kwa hiyo ni zamu yangu tena, na mwenzangu huyu alikuwa anaitolea macho ile manjano.