Kwa nini nilienda ufukweni Hispania badala ya kuja nyumbani: nawajibu nikiwa Moshi

Haya jamani habari zenu, wakubwa shikamooni. Leo naanza moja kwa moja, nimekaa hapa nje kwa mama, Kibosho, mlima umejifunika mawingu tangu asubuhi kwa hiyo msiniambie nigeuze kamera, hamna kitu cha kuona. Mkisikia kelele ni kuku.

Nimeingia kujibu lile swali, maana tangu mwezi wa sita nilipoweka zile video za Malaga, mji wa pwani kule Hispania, kila siku linarudi, "dada umetoka nchi yenye Zanzibar, unaendaje kulipia bahari ya wazungu na nyumbani hujaonekana miaka mitatu?" Wengine mmeuliza kistaarabu, wengine mmenitukana, sawa. Na najua nikitaja bei mtasema najisifu, nikisema maisha yamebana mtasema nalialia, sasa mimi nataja tu, kila mtu achukue anavyoona.

Mwezi wa sita nilipewa likizo ya siku saba. Saba tu, kazini kwangu Ujerumani tunahudumia wazee na ukiondoka kuna mwenzako anabeba zamu zako. Tiketi ya kuja KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, niliyoiona ilikuwa euro 1,150, siku mbili zinaishia njiani, nikae na mama siku tano halafu nirudi nianze kulipa deni. Malaga kwenda na kurudi euro 94. Chumba tulichangia na dada mmoja Mkenya tunafanya naye kazi, na chakula, na treni, jumla yangu yote ikaja euro 412. Pigeni wenyewe kwa shilingi, mimi nshapiga hiyo hesabu mpaka usingizi unakata.

Ila hela sio yote, makaratasi. Kadi yangu ya ukaazi Ujerumani ilikuwa inaisha mwezi wa nane. Apointimenti ya kuibadilisha nimeomba tangu mwezi wa tatu, natuma imeili, kimya, natuma tena, inakuja ile ya kujijibu yenyewe. Mtu ukitoka nje ya Ulaya kadi ikiwa inakaribia kuisha na kuna kitu kikakukwamisha nyumbani, mama akiugua, au ndege ikiahirishwa, unarudije? Nani atanipandisha ndege na kadi iliyokufa? Sikuweza kuicheza hiyo bahati nasibu. Kadi nimekuja kuipata mwezi wa kumi na moja, na Desemba hii mnaniona hapa.

Hata hiyo Hispania sio kwamba nilipita kama maji. Kadi ya Ujerumani inaniruhusu kuingia bila viza, siku 90 ndani ya kila siku 180, iko wazi. Lakini ile ndege ya bei chee niliyopanda, wenye pasi za Ulaya walionyesha simu wakapita, sisi wenye pasi zetu mpaka twende kaunta tukaguliwe na tugongewe muhuri kwenye tiketi ya kuprinti. Foleni dakika arobaini. Dada wa kaunta kashika pasi yangu ya Tanzania anaigeuzageuza kama mtu anakagua noti ya elfu kumi, akamwita mwenzake, wakaiinamia wawili, nyuma yangu watu wanaguna. Nilitetemeka mikono na sikuwa na kosa lolote. Lile nalisema kwa sababu kwenye video mliona miguu yangu mchangani tu.

Sasa bahari yenyewe. Kutoka uwanja wa ndege unapanda treni mpaka Torremolinos, mji wa ufukweni jirani na Malaga, nauli haifiki euro tatu. Jua lipo, sio uongo, mwezi wa sita saa tatu na nusu usiku bado linawaka, hapa kwetu saa moja kuku washalala. Ila yale maji! Niliingia mpaka magotini nikapiga kelele. Wanasema maji ya Atlantiki yanaingilia pale Gibraltar ndo maana hata kiangazi yana ubaridi, mtu aliyezoea Tanga atatoka mbio. Mchanga wa kijivu. Na maji hayaendi popote, kwetu yakipwa unatembea mpaka unachoka ndo uyakute, kule kupwa na kujaa huoni kabisa, asubuhi yalipokuwa na jioni yapo pale pale.

Kitu nilichowaonea wivu ni kimoja. Ufuo ni wa watu wote, wana sheria yao ya mwaka 1988, hoteli haiwezi kuuziba ikakufukuza, unachokodi ni kitanda na mwavuli, hutaki unatandika kanga yako unakaa bure. Nilikaa kwenye kanga yangu nikakumbuka nikiwa chuo Dar, tulienda wanne na wali wetu kwenye hotipoti, mlinzi wa hoteli moja akatuinua pale mchangani. Umri ule niliona sawa. Siku ile Torremolinos ndo niliumia.

Na samaki, hiyo mliipenda wengi. Wanachukua boti ya zamani, wanaijaza mchanga, kuni zinawaka pale ndani, dagaa wakubwa sita wanachomwa kwenye kijiti cha mwanzi, kijiti kinachomekwa mchangani pembeni ya moto kwa upande wa upepo, moshi usiwaingie. Chumvi tu. Yule mzee mchomaji alikuwa anageuza vijiti kwa vidole, mkono wote umekauka kama ngozi ya ngoma. Euro nne. Tulikula mara mbili.

Picha hiyo ya samaki ndo baba mdogo akaiweka kwenye grupu la ukoo akaandika "bata za Ulaya tunaziona, mchango wa sendofu hatuuoni". Wiki ile ile nilikuwa nimetuma laki nne za bati la jiko hili hili hapa nyuma yangu, mnaliona. Sikujibu. Baba mdogo shikamoo, nakuheshimu sana, lakini neno lile liliniingia na bado lipo.

Wanaouliza viza ya kutembelea Ulaya, ile ya Schengen, ya kutokea huku, mimi sio wakala, kila mtu na faili lake. Ada ni euro 90 tangu mwezi wa sita 2024, ukinyimwa hairudi, na bima isiyopungua euro 30,000 wanaitaka. Kama ni bahari tu unaitafuta na hiyo hela umeikopa kwenye kikoba, mimi binafsi ningepanda basi la Tanga. Ila ni mimi.

Na ndo tunachofanya. Mama yangu ana miaka sitini na nne, hajawahi kuiona bahari. Jumamosi alfajiri tunashuka stendi, Same, Mombo, Segera, mpaka Tanga, nimeshalipa siti ya dirishani. Jana usiku anamenya ndizi akaniuliza, "hivi yale maji ni chumvi yote, hata ya juu juu?" Nikamwambia mama, Jumapili utaonja mwenyewe.

Haya ananiita, mtori unataka kusongwa.