Nani Humuuliza Waziri? Mhadhara wa Chake Chake juu ya mihimili ya dola

Asalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wa skuli mlioacha mpira wa jioni mkaja kukaa humu na joto hili, ahsanteni.

Nimeombwa nizungumzie mihimili mitatu ya dola. Nitaanza na karafuu, maana hapa Pemba hakuna asiyejua jasho lililomo ndani ya gunia moja. Chukueni mkulima wa Mtambwe. Amechuma, amechambua makonyo, ameanika jamvini. Sheria inamtaka akaiuze ZSTC, shirika la biashara la Serikali. Yeye usiku anapakia magunia matatu chomboni aelekee Mombasa, na KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wanamkamata baharini. Aliyeandika kwamba magendo ya karafuu ni kosa si yule askari, ni Baraza la Wawakilishi. Askari, pamoja na mwendesha mashtaka atakayelipokea jalada, wako upande wa Serikali. Na kusema kwamba mtu huyu ana hatia au hana, hilo si lao hata mmoja. Ni la hakimu. Mngeridhika askari aliyeloa maji usiku kucha akimfukuza ndiye aamue pia afungwe miaka mingapi? Mimi nisingeridhika, hata kama karafuu si zangu.

Katiba yetu ya Zanzibar ya 1984 imelisema hili waziwazi: utendaji ni wa Serikali ya Mapinduzi, kutunga sheria ni kwa Baraza la Wawakilishi, kutoa haki ni kwa Mahkama. Skulini mtatajiwa Montesquieu, Mfaransa aliyeyaandika haya mwaka 1748. Mjueni. Lakini sisi Wazanzibari tuna somo letu la nyumbani. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, Baraza la Mapinduzi ndilo lililokuwa Serikali, na ndilo hilo hilo lililotunga sheria. Zikaja mahkama za wananchi, ambamo wakili hakuruhusiwa kumsimamia mshtakiwa. Wazee mliomo humu mnazikumbuka, sina haja ya kuwasimulia. Ikaja Katiba ya 1979, na tarehe 14 Januari 1980 Baraza la Wawakilishi likakutana kwa mara ya kwanza. Hesabuni: miaka kumi na sita tangu Mapinduzi.

Sasa nije kwenye jambo linalonishughulisha zaidi. Marekani, mbunge akiteuliwa kuwa waziri lazima kwanza aache kiti chake. Kwetu ni kinyume: Rais wa Zanzibar huwateua mawaziri kutoka miongoni mwa wajumbe wa Baraza. Makamu wa Pili wa Rais ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali pale Chukwani, linapokutana Baraza. Rais mwenyewe huteua wajumbe kumi, na mkiisoma Katiba mtaona kuwa yeye ni sehemu ya chombo cha kutunga sheria, kwani mswada hauwi sheria mpaka autie saini. Nyumba hizi mbili, Serikali na Baraza, basi, zina ukuta mmoja wenye mlango, na watu wanapita mchana kweupe.

Mlango huo una faida yake. Waziri akiwa mjumbe hana pa kukimbilia. Ataulizwa maji ya Micheweni yamefikia wapi na atajibu akiwa amesimama, watu wanamsikiliza redioni. Lakini majimbo yetu ni 50, na 18 ndiyo ya Pemba. Katika wawakilishi hao 50 waondoeni walio mawaziri na manaibu. Waliobaki, pamoja na kina mama wa viti maalumu, ndio wanaotegemewa kuisimamia Serikali. Na kati yao yupo anayetumai kuteuliwa kesho. Mtu wa namna hiyo ataliuliza swali lake kwa ukali gani? Hakuna kifungu kilichovunjwa hapo, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu hakuna pa kushtaki. Mwaka huu ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ikifika Barazani, msisikilize tarakimu tu. Sikilizeni nani anasimama, na nani ananyamaza siku ile halafu anachangia kwa sauti kubwa siku ya pongezi.

Binti mmoja wa kidato cha tatu ameniletea kikaratasi. Ameandika: jaji anateuliwa na Rais, atathubutu vipi kuamua dhidi ya Serikali?

Swali zuri, mwanangu. Rais huteua baada ya kupata ushauri wa Kamisheni ya Utumishi wa Mahkama, na hawezi kumwondoa jaji asubuhi moja kama anavyomwondoa waziri. Lakini najua hilo halitoshi kukutuliza, kwa hiyo nikupe kesi. Watu 18 wa chama cha upinzani walishtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Walikaa rumande takriban miaka mitatu, na miaka hiyo siwezi kuisifu. Novemba 2000 Mahkama ya Rufani ya Tanzania ikaamua kwamba uhaini hutendwa dhidi ya dola, na dola ni Jamhuri ya Muungano. Shitaka lile halikuwa na pa kusimama. Majaji walioketi siku ile, kila mmoja wao, aliteuliwa na Rais, ingawa huyo ni Rais wa Jamhuri ya Muungano, si wa Zanzibar.