Miezi Sita ni Miezi Sita

Ndugu zangu, dalili za TB mnazijua, zimebandikwa kwenye kuta za zahanati zote, sitazirudia. Leo nataka niongee na mgonjwa wa mwezi wa pili kati ya ile miezi sita ya dawa. Wa wiki ya kwanza anakohoa usiku kucha, shati limelowa jasho. Huyo humbembelezi, dawa anaitafuta mwenyewe. Wa mwezi wa pili kikohozi kimekata, hamu ya kula imerudi, suruali imeanza kumbana. Ukimkumbusha dawa anakwambia, “Nimeshapona, za nini tena?”

Kuna kijana mmoja, dereva wa bodaboda. Nimemtaja mara nyingi na nitaendelea kumtaja. Miezi miwili ya kwanza hakukosa dozi. Akapata nguvu, akarudi barabarani. Vidonge vya asubuhi vilimletea kichefuchefu, na abiria wa saa kumi na mbili hasubiri, basi akawa anavitia mfukoni mwa koti, atavimeza akipata chai. Chai aliipata, vidonge vikabaki mfukoni. Siku mama yake alipotaka kulifua lile koti, akavikuta, vingine vimemomonyoka na kuupaka mfuko wekundu. Akavifunga kwenye pindo la kanga, akaja kuvimwaga mezani kwangu. Tulipomfuata kijana, akasema yuko fiti. Kikohozi kiliporudi, makohozi yakapimwa kwa GeneXpert, mashine ya kupima TB na usugu wake: vimelea havisikii tena rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Matibabu ya TB sugu wakati ule yalikaribia miaka miwili, na sindano kwa miezi. Alipona, ndiyo, lakini zile sindano zilimharibu masikio. Honi ya lori nyuma yake haisikii. Pikipiki ameiuza.

Mtu ataniuliza: kwani dawa si zilikuwa zimemponya? Hapana! Zilikuwa zimempunguzia. Vimelea vinavyozaliana haraka hufa mapema, ndiyo maana kikohozi kinakata. Vingine vimelala humo mwilini, na kuviua kunataka muda. Miezi miwili ya mwanzo unameza dawa nne kwa pamoja kupunguza ule wingi. Minne inayofuata, isoniazidi na rifampisini, ni ya kumalizia vilivyobaki. Ukimeza leo ukaruka kesho, vilivyo vikaidi vinapona na kuzaana. Na utakayemwambukiza anaanza na ugonjwa sugu, hata kama yeye hajaruka kidonge maisha yake yote.

Wala msiniambie hii miezi sita wameipanga watu wasiotujua. Zamani tulitibiwa mwaka na nusu. Ni wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waliokubali kushiriki utafiti pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na mwaka 1972 matokeo ya mwanzo yakaonyesha kwamba rifampisini ikiwemo, miezi 6 inatosha. Inatosha, sikusema inazidi! Walipojaribu kushusha hadi minne kwa dawa hizohizo, ugonjwa uliwarudia wengi zaidi. Najua kuna mtoto wa jirani kapewa miezi minne. Watoto wenye TB isiyo kali wanaweza kupewa hivyo, na anayeamua ni daktari, si wewe na kioo chako.

Naambiwa muda umekwisha, basi haraka. Mkojo mwekundu ni rangi ya dawa, si damu. Macho yakiwa ya njano, usimeze nyingine. Njoo zahanati siku hiyohiyo. Mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango atuambie mapema, rifampisini huvipunguzia nguvu. Unasafiri? Omba barua ya uhamisho na dawa za njiani. Pombe nilitaka niiongelee kwa kirefu; itoshe kusema kwamba pombe na dawa hizi kwa pamoja huliumiza ini. Na kichefuchefu jamani kisemeni! Saa ya kumeza tunaweza kuipanga upya tukakaa sawa. Yule kijana hakutuambia hata mara moja.

Haya, mama mwenye mtandio wa kijani, karibu uulize.