Mkia wa Korongo

Mabibi na mabwana, tukitaja watu wa kale waliotaka kuruka, wengi tunakimbilia mabawa. Mimi nitaanzia nyuma, kwenye mkia.

Karne ya 9, huko Córdoba, Hispania, Abbas ibn Firnas alijivika manyoya na mabawa akajirusha angani. Al-Maqqari, aliyeandika habari zake miaka zaidi ya 700 baadaye, anasema alikwenda masafa ya kutosha, ila alipotua aliumia mgongo kwa kutojua kwamba ndege hutua kwa mkia. Mwanzoni mwa karne ya 11 mtawa wa Kiingereza, Eilmer wa Malmesbury, akaruka kutoka mnarani. Alifika kama mita 200, akavunjika miguu yote miwili. Alichechemea hadi kufa, na lawama zote akazitupia mkia ambao hakuuweka.

Mnacheka, lakini wazee wale walikuwa wamegusa penyewe. Kupaa si kazi kubwa. Kazi ni kukaa huko juu usipinduke.

Sasa nije kwa ninayemhusudu, Otto Lilienthal, Mjerumani aliyezaliwa Anklam mwaka 1848. Yeye na mdogo wake Gustav walikua wakiwatazama korongo weupe malishoni. Hao ni wageni wetu pia: baridi ikikaribia huko, wengi wa Ulaya mashariki hufuata Nile hadi Serengeti na kwingineko.

Ndugu hao hawakukurupuka. Walipima kwanza. Walitengeneza mtambo wenye mkono unaozunguka, wakafunga kipande cha bawa nchani, wakagundua kwamba bawa lililopinda kidogo hubeba kuliko lililo bapa. Kitabu cha Otto chenye vipimo hivyo kikatoka 1889. Mwaka 1891, kijijini Derwitz, Otto akaruka mita 25 hivi. Mwaka 1894 akajirundikia kilima chake mwenyewe huko Lichterfelde, kimo mita 15, ili upepo uvume utokako, yeye aukabili. Kilima kizima, jamani!

Chombo chake kilikuwa fito na kitambaa cha pamba, kilo 20 hivi, na mkia kilikuwa nao. Yeye alining'inia katikati. Bawa la kushoto likiinuka, anarusha miguu kushoto. Kwa mtindo huo aliruka mara 2,000 hivi, nyingine zikafika mita 250.

Hapo ndipo ninapobishana naye. Miguu ya mtu ni kitu gani mbele ya upepo? Tarehe 9 Agosti 1896, karibu na Stölln, pua ya chombo iliinuka, mwendo ukakatika, akaanguka kutoka kama mita 15 na kuvunjika shingo. Alifariki kesho yake, Berlin.

Habari za kifo hicho zilimfikia Wilbur Wright, fundi baiskeli wa Dayton, Marekani. Yeye alikuja kuona kwamba ndege akitaka kujiweka sawa husokota ncha za mabawa. Mwaka 1899 akaijaribu hila hiyo kwenye tiara, kwa kamba, ikakubali.

Ila mwaka 1902, yeye na mdogo wake Orville wakiwa kwenye mchanga wa Kitty Hawk, chombo kikawa kikigeuka kinazama upande mmoja na kuzunguka hadi chini. Wenyewe wakaita kuchimba kisima. Wakakuna vichwa. Bawa halikuwa na kosa. Mkia waliufunga ukakaza, haugeuki. Orville akasema uachiwe ugeuke, Wilbur akaongeza uunganishwe na kamba za mabawa.

Visima vikakoma.