Kudhibiti Njia za Kumalizia Unapochonga Nakshi za Mbao kwa Mashine ya CNC

Ndugu watazamaji, karibuni. Katika video hii tunaandaa njia za kumalizia, yaani mistari ambayo biti (kisu cha mashine kinachozunguka) hupita ili kulainisha uso. Kazi yetu ni ua la nakshi lenye urefu wa milimita 200 na upana wa milimita 100, ambalo mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, imekwisha kulichonga kwa awali kwa biti bapa na kuacha mbao ya ziada ya nusu milimita juu ya uso wote. Ngazi mnazoziona kandokando ya petali zimeachwa na biti hiyo ya kwanza, nasi tunataka kuziondoa bila kurarua nyuzi za mbao.

Anzeni kwa kuchagua biti. Hapa tunatumia biti ya ncha ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 3. Kabla ya kuikubali, pimeni mfereji mwembamba kuliko yote katika mchoro wenu, kwa kuwa biti haiingii mahali pembamba kuliko yenyewe.

Sasa fungueni dirisha la mipangilio na mtafute nafasi kati ya mstari mmoja wa biti na unaofuata. Hapa ndipo ubora wa kazi unapoamuliwa, na msasa hauwezi kufidia uamuzi mbaya, hasa kwenye mishipa ya majani ambako ukisugua sana unafuta nakshi yenyewe. Biti ya mviringo huacha vijituta kati ya mistari, kama shamba lililolimwa kwa matuta, na kimo cha vijituta hivyo hukadiriwa kwa kuzidisha nafasi kwa nafasi, kisha kugawanya kwa mara 8 ya nusu kipenyo cha biti. Kwa biti yetu, nafasi ya milimita 0.6 huacha kijituta cha milimita 0.03, ilhali nafasi ya milimita 0.3 huacha cha milimita 0.0075 tu. Yaani mkipunguza nafasi kwa nusu, kijituta hupungua hadi robo, lakini muda huongezeka maradufu: kwa ua hili ni mistari 333 badala ya 167, na kwa mwendo wa milimita 2,000 kwa dakika ni takriban dakika 33 badala ya 17. Mimi huchagua 0.3 kwa petali na sioni faida ya kushuka zaidi, maana nyuzi za mbao zenyewe zina ukwaru zaidi kuliko vijituta hivyo.

Hesabu hiyo ni ya mahali palipo tambarare. Petali inapoinama kwa digrii 60 kukatisha mwelekeo wa mistari, nafasi ya 0.3 hutanuka kuwa 0.6 juu ya uso wake, na ndiyo maana pande zenye mteremko mkali hutoka na mikwaruzo hata pale katikati panapong'aa. Kwa hiyo gawanyeni kazi: sehemu za mteremko mdogo zipeni mistari sambamba inayofuata nyuzi za mbao, na kuta kali zipeni njia zinazozunguka ua kwa kimo kimoja, zikishuka kidogo kidogo. Sehemu bapa ya nyuma ya ua iacheni kwa biti bapa, kwani ncha kamili ya biti ya mviringo haina mwendo wa kukata, nayo huisugua mbao badala ya kuikata.

Mpaka wa njia usikomee kwenye ukingo wa ua. Usogezeni nje kwa nusu kipenyo cha biti, yaani milimita 1.5, la sivyo ukingo utabaki na ngazi.

Kwa biti yenye meno mawili, mizunguko 18,000 kwa dakika na mwendo wa milimita 2,000 humpa kila jino takriban milimita 0.056 za kukata. Mbao ikianza kuwa nyeusi, ongezeni mwendo au punguzeni mizunguko. Mashine hupunguza mwendo kwenye mikunjo midogo, hivyo muda halisi utazidi ule unaoonyeshwa na programu.

Mkibadilisha biti, wekeni upya sufuri ya Z, yaani mahali mashine inapoanzia kuhesabu kimo cha biti, na muipime kutoka kwenye uso wa meza, kwa sababu uso wa juu wa mbao huenda umekwisha kuchongwa. Kosa la nusu milimita hapa hukata petali au huacha ngazi zote zilivyokuwa.

Endesheni onyesho la kazi kwenye skrini, kisha chongeni. Mashine ikisimama, msifungue klampu kwanza. Pitisheni ukucha polepole kukatisha mistari. Mkihisi mikwaruzo, chagueni eneo hilo peke yake, punguzeni nafasi hadi 0.2, na mulirudie kwa sufuri ile ile.