Gazeti Lililolowa

REHEMA: Haya jamani, Jumamosi nimetengeneza bilauri ya kioo darasani. Nimepuliza mwenyewe.

JUMA: Inasimama?

REHEMA: Inasimama. Imeinama kidogo.

JUMA: Basi uliacha kuzungusha. Kioo kikitoka tanuruni kwenye nyuzi kama 1,100 ni laini kama asali. Mrija wa kupulizia ukitulia hata sekunde mbili, donge la kioo kwenye ncha yake linalegea upande wa chini. Halafu unapuliza, na hewa inavimbisha pale penye moto zaidi. Upande mmoja ganda la yai, upande wa pili tofali.

REHEMA: Tofali ndilo la kwangu. Haya, leo kwenye kipindi tuna mambo matatu: kuchota kioo tanuruni, kubana shingo pale kazi itakapokatika na mrija, na kuhamishia kazi kwenye fito ya pili, ile ya kuishikia chini. Ila kwanza, lile gazeti lililolowa, la kukipa kioo cha moto umbo kiganjani.

JUMA: Ee, hapo tumekwisha.

REHEMA: Swali moja tu! Kwa nini haliwaki?

JUMA: Linaungua juu. Unakunja karatasi sita mpaka nane mpaka zienee kiganja, unalowesha, unakamua lisidondoke. Maji yakizidi, mvuke unakuunguza wewe, na kioo kinapoa mabakamabaka. Likikauka, linashika moto. Likiwa sawa, juu panakuwa mkaa laini, na kioo kinateleza juu ya mvuke.

REHEMA: Karatasi za jarida je, zile za kung'aa?

JUMA: Hapana. Zina mpako, unaacha uchafu kwenye kioo. Gazeti la kawaida. Mimi naanza na ukurasa wa siasa.

REHEMA: Huo unawaka wenyewe.

JUMA: Michezo naiweka chini kabisa, karibu na kiganja.

REHEMA: Ili usome wakati wa kupasha moto upya! Lakini sasa nikupinge. Anayeanza asipewe gazeti. Apewe lile bakuli la mti lenye mpini, la mcheri, linalokaa ndani ya maji siku nzima. Mkono unakaa mbali, na umbo linakuja lenyewe.

JUMA: Likiwa na ukubwa unaolingana na donge. Likiwa dogo, ukingo wake unachora mfereji kwenye kioo. Halafu mti unakuficha kosa. Kwenye gazeti, donge lililopinda linakugonga kiganjani kila mzunguko: du, du, du. Unajua papo hapo.

REHEMA: Unajua, halafu unafanya nini? Mkono wa kushoto haujajua kuviringisha mrija kwenye benchi, wa kulia unaogopa joto. Anakandamiza, kioo kinapinda zaidi.

JUMA: Akandamize kidogo aone.

REHEMA: Kipande chenyewe kina sekunde 20 au 30 nje, kisha lazima kirudi kupashwa moto. Sekunde zote hizo anahangaika na woga!

JUMA: Woga unaisha siku ya pili.

REHEMA: Na wenye siku moja tu?

JUMA: Waondoke na bilauri iliyoinama.

REHEMA: Hunipati hapo, bwana.

JUMA: Wala wewe hunipati.

REHEMA: Mtu wa mitambo anatuonyesha vidole viwili. Dakika mbili! Haya, kuchota.

JUMA: Hatuwezi. Sema shingo tu.

REHEMA: Koleo lipakwe nta ya nyuki, lisinate. Bana taratibu huku mrija unazunguka, mpaka shingo iwe nyembamba kuliko kazi yenyewe. Ikibaki nene, tone la maji unalotia pale halitoi ufa unaoutaka. Ukigonga mrija, ufa unapanda kwenye bilauri.

JUMA: Fito ya pili wiki ijayo.

REHEMA: Ulisema hivyo wiki iliyopita. Na ya kupoza je? Watu watatoka nayo ya moto!

JUMA: Tanuru la kupozea, nyuzi kama 480, ishushwe polepole usiku kucha. Kesho yake ndiyo unachukua.

REHEMA: Yangu nimeichukua Jumapili, basi. Juma, hilo gazeti mezani ni la leo?

JUMA: La leo.

REHEMA: Mbona halina ukurasa wa siasa?